Dubu Huyu ni wa Ukoo Gani?

Katwe haijui kunong'ona. Tangu alfajiri nyundo zinagonga, misumeno inalia juu ya chuma, mapipa ya mafuta yanakatwa yawe sigiri, na mabati chakavu yanakunjwa yawe masanduku ya wanafunzi wa bweni. Anayetaka kubishana katika mtaa huu wa kusini mwa jiji la Kampala apaze sauti, au asubiri fundi apumue.

Mada yetu ilikuwa hii: dubu wa kitambaa anayesafirishwa kati ya shule za msingi za nchi mbalimbali, je, ana faida yoyote kwa mtoto wa Katwe? Niliowaketisha kwenye benchi ni wanne: mwalimu wa kike wa shule ya msingi, fundi chuma mwenye watoto shuleni, Hajati anayeuza mivumba, yaani mitumba, katika soko la Owino, na mzee aliyestaafu kazi ya posta. Wote nimewatunga mimi, ndiyo maana hawana majina. Hoja zao sikuzitunga. Ukikaa Katwe siku tatu utazisikia zote.

Kwanza utaratibu wenyewe. Mradi wa dubu unaojulikana zaidi ni wa iEARN, mtandao wa walimu na wanafunzi ulioanza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow. Darasa la nchi moja huunganishwa na darasa la nchi nyingine. Kila upande hutuma kwa posta dubu, au mdoli mwingine laini. Dubu akishafika anaishi na wenyeji wake: anakaa darasani, anakwenda nyumbani na mtoto mmoja, anarudi. Walau mara moja kwa wiki anawaandikia watoto waliomtuma. Hapo ndipo penye ujanja: barua hizo huandikwa na wenyeji, kwa kalamu yao, lakini kwa sauti ya mgeni.

MWALIMU: Nafundisha Praimari Foo, watoto wa miaka tisa na kumi. Kwa mtaala wetu huo ndio mwaka wa kuvuka. Miaka mitatu ya mwanzo mtoto anatakiwa afundishwe kwa lugha ya nyumbani. Kuanzia wa nne, Kiingereza kinashika usukani. Watoto wananyamaza. Yule aliyekuwa akisimulia kama redio sasa anaandika sentensi mbili, jina lake na mtaa wake, anaweka nukta, anafunga daftari. Nikimwambia aandike zaidi kuhusu kwao ananishangaa: "Mwalimu, si unapajua?" Kweli napajua. Mtoto hana wa kumsimulia. Dubu anampa mtu asiyejua sigiri ni nini, asiyejua kwa nini mvua ikinyesha tunapandisha magodoro juu ya meza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

FUNDI: Apone nini, Mwalimu? Muhula huu nimeleta rimu za karatasi, nimeleta mifagio, nimeleta karatasi za chooni. Sasa niambiwe kuna na nauli ya dubu! Lakini pesa niiache, maana mtasema fundi analilia shilingi. Kinachoniuma ni hizo barua. Mtoto wangu avae macho ya mgeni, aingie nyumbani kwangu, atazame chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia, kisha aandike: nimefika Katwe, jana nimelala chini. Mimi hapo sioni mchezo. Naona ripoti.

MWANDISHI: Na wao huko wanavaa macho ya nani?

MWALIMU: Ya kwetu! Hilo ndilo watu wanalisahau. Mnyama wetu akifika kwao, ni watoto wao watakaoandika kwa sauti ya mgeni kutoka Katwe. Itabidi wajiulize: mtoto wa Katwe akiingia jikoni kwetu atashangaa nini? Atashangaa mbwa kulala kitandani. Atauliza bibi yuko wapi, kwa nini haishi humu. Kwa mara ya kwanza nyumba yao inakuwa kitu cha kuelezwa.

FUNDI: Utakavyo wewe. Lakini kalamu mbili hazina uzito sawa, nnyabo. Wao wakiandika kwamba nyumba yao ina vyumba vitano, hakuna atakayewachangia nguo.

HAJATI: Mwanangu, kwa nguo nimefika mimi. Huyo dubu mnayembishania ninamjua kuliko nyote. Anaingia Owino, na hana posta wala mwaliko. Robota la midoli likifunguliwa wanamwagika: dubu, sungura, mbwa, wamebanwa hadi nyuso zimekwenda upande. Nawaosha kwa sabuni ya unga, nawaanika kwa masikio. Kuna mmoja alikuja bila jicho, nikamshonea kifungo cha koti. Chini ya unyayo palikuwa na lebo ya kitambaa, jina la mtoto limeandikwa kwa wino, nusu limefutika. Nilikaa naye mkononi nikawaza: huyu alilaliwa usiku, alililiwa, leo ni mali ya kilo. Aliyemnunua hakuuliza ametoka wapi. Alisema punguza.

MWANDISHI: Kwa hiyo Hajati uko upande gani?

HAJATI: Ngoja nifike. Mnasema dubu atawaunganisha watoto wa nchi mbili. Hawa wa kwangu wametoka nchi hizo hizo, wamevuka bahari ile ile, na hawajaunganisha mtu. Mwaka 2023 Rais alitangaza kwamba mivumba ikomeshwe. Soko zima lilizungumza viwanda na ushuru. Hakuna aliyezungumza yule mtoto mwenye jina kwenye unyayo. Dubu wa Mwalimu ana daftari la habari zake, wa kwangu hana. Mwenye daftari nitamwita mgeni. Asiye nalo ni mzigo. Kwa hiyo msinibishie kuhusu dubu, nibishieni kuhusu daftari.

MZEE WA POSTA: Hajati umenena, lakini mmesahau barabara aliyopitia. Mimi nilianza kazi enzi za posta moja ya Afrika Mashariki. Baada ya mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967, makao makuu ya Posta na Simu yaliwekwa hapa hapa Kampala. Reli ikabaki Nairobi, bandari zikaenda Dar es Salaam. Stempu moja ilibeba majina matatu: Kenya, Uganda, Tanzania. Mtoto wa Kampala na mtoto wa Mwanza walilamba gundi ya stempu moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilikuwa imeshaenda na stempu zake. Leo kila mradi unaoletwa shuleni unataka rafiki wa Ulaya au Marekani. Mtoto wa Katwe atajua theluji kabla hajajua dagaa wa Mwanza wanaanikwaje, nao wametoka katika ziwa letu lile lile.

FUNDI: Hapo, Mzee, nakupigia makofi. Dubu atumwe Kisumu!

MWALIMU: Wataandikiana kwa lugha gani, Mzee?

MZEE WA POSTA: Unaniuliza mimi au unaiuliza serikali? Kiswahili kiliingizwa katika katiba yetu kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima, msingi na sekondari. Na mtoto wa Kampala bado anakiona lugha ya kambi ya jeshi, kwa sababu ndivyo alivyosikia kwa babu yake. Wengine hapa tulikisikia mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, bunduki ikiwa mbele. Mpe mtoto huyo barua ya dubu kutoka Bagamoyo. Asiposhika kamusi, nidaini soda.

MWALIMU: Nakubali nusu. Nusu ya pili nikatae, Mzee, kwa heshima. Jirani ni mzuri, lakini anajua mno. Mtoto wa Kisumu hana haja ya kuelezwa ugali. Anayelazimisha mwanafunzi wangu aeleze ndizi inavyofungwa kwenye majani ikapikwa matooke ni yule asiyewahi kuona mgomba. Ningetaka wote wawili: mwaka mmoja jirani, mwaka mmoja mbali.

FUNDI: Huko mbali kuna jambo jingine. Katwe imeshasimuliwa na walio mbali. Nikimwambia mteja mgeni natoka Katwe, anasema, aa, ile ya filamu. Disney ilitoa *Queen of Katwe* mwaka 2016, dunia ikatuona. Walituonaje? Tope, mafuriko na sataranji.

MWALIMU: Ssebo, usiidhulumu filamu. Mwongozaji wake, Mira Nair, ana makazi Kampala, na mwaka 2004 alianzisha hapa mafunzo ya filamu kwa vijana wa Afrika Mashariki. Na Phiona Mutesi, msichana anayesimuliwa humo, hakukaa akisubiri kusimuliwa. Alifundishwa sataranji na Robert Katende hapa Katwe, akatoka akacheza: Olimpiadi ya sataranji ya Siberia mwaka 2010, ya Istanbul mwaka 2012. Kwenye ubao alikaa na mgeni, kila mmoja na vipande kumi na sita. Huo ndio usawa ninaoutaka mimi. Dubu kwa dubu, barua kwa barua.

FUNDI: Sataranji ina refa. Barua refa wake nani?

Swali hilo lilimnyamazisha hata Mwalimu. Nyundo za jirani zikajaza pengo. Nikaona nimwachie Mzee nafasi, kwa kuwa alikuwa akikohoa kile kikohozi cha mtu mwenye kitabu mfukoni.

MZEE WA POSTA: Mnajua jina la dubu huyu wa kitambaa, tedi, limetoka wapi? Kwa Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, aliyeitwa Teddy. Novemba 1902 alikuwa akiwinda Mississippi, hakubahatika. Wenzake wakamkamatia dubu, wakamfunga mtini, wakamwambia piga. Akakataa, akisema huo si uwindaji. Akaamuru dubu yule aliyejeruhiwa amalizwe asiteseke. Mchoraji Clifford Berryman akaichora habari hiyo katika gazeti la Washington, na muuza duka wa Brooklyn, Morris Michtom, pamoja na mkewe, wakashona dubu wa kitambaa na kumwita kwa jina la Rais. Basi, yule asiyepiga mnyama aliyefungwa, alipotoka madarakani alikuja kwetu. Alishuka Mombasa Aprili 1909. Desemba mwaka huo alikuwa hapa Kampala. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Hadi safari inakwisha, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wamepiga wanyama 512, na hesabu hiyo aliichapisha mwenyewe kitabuni.

FUNDI: Mia tano!

MZEE WA POSTA: Na kumi na mbili. Wengi walikwenda makumbusho ya Washington. Sisemi hivi ili mtoto amchukie dubu. Nasema mwenye jina la mnyama huyu amewahi kuja kwetu, na safari ile daftari lilikuwa lake peke yake. Alituandika, hatukumwandika. Anayetaka kujua refa wa barua ni nani atazame hapo. Refa ni daftari la pili. Palipo na moja tu, msipokee dubu.

HAJATI: Na picha je? Maana barua za siku hizi haziendi bila picha. Mjukuu wangu alipigwa picha na wageni amekaa juu ya ndoo, mdomo una uji. Hatujui hata ilikwenda nchi gani.

MWALIMU: Sheria ipo, Hajati. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu. Habari za mtoto hazikusanywi hivi hivi bila idhini ya mzazi au mlezi. Kanuni yangu mimi ni nyepesi zaidi: picha apigwe dubu. Dubu juu ya sigiri iliyopoa, dubu ndani ya sanduku la bati, dubu kwenye boda boda na kofia ngumu. Sura ya mtoto ibaki kwa mama yake.

MWANDISHI: Na intaneti? Shule ngapi hapa zina kompyuta inayowaka?

MWALIMU: Ndiyo maana nataka karatasi. Tusijidanganye kuhusu simu. Shule zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83, hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko sisi. Wenye simu nzuri walisoma kwa simu. Wangu waliuza karanga na kuokota chuma chakavu. Waliporudi, wengine walikuwa wamesahau hata kushika kalamu. Barua ya dubu iandikwe kwa mkono, mwalimu aipige picha jioni aitume mara moja kwa wiki kwa simu yake. Nakala halisi ibaki ukutani, mzazi asiyekuwa na simu aje aisome, au asomewe.

FUNDI: Mnanizungushia kamba polepole. Bado nauliza, kwa nini dubu? Huku hakuna dubu. Mtoto wa Katwe anajitengenezea mpira wa majani makavu ya mgomba na gari la waya. Kitoke kichezeo cha kwetu.

MZEE WA POSTA: Chako cha chuma kikienda posta, utauza karakana. Tunapima kwa gramu.

FUNDI: Basi kiwe cha lubugo! Kitambaa cha gome la mutuba, chepesi, rangi ya udongo. UNESCO wenyewe waliutangaza ufundi wake mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu usioshikika. Mtoto ashone mnyama wake, tumbo alijaze vipande vya nguo kutoka kwa Hajati.

MWALIMU: Taratibu zinaruhusu. Dubu, au mdoli mwingine laini. Lakini mnyama gani? Hilo nililijaribu darasani, ndipo nikajua mchezo huu ni mzito kuliko nilivyofikiri. Nilipeleka tedi mmoja niliyemnunua Owino, huenda kwa Hajati mwenyewe. Nikasema huyu ni mgeni, muulizeni maswali. Nilitegemea waulize ametoka nchi gani. Msichana wa mbele akasimama, akauliza: "Ni wa ukoo gani?"

HAJATI: Amelelewa huyo.

MWALIMU: Mwandishi, waeleze wasomaji wako wa pwani. Kwa Waganda, kujitambulisha ni kutaja ukoo, na ukoo una mnyama au kitu chake, muziro, ambacho watu wake hawakili. Wa Mmamba hali kamongo, wa Nkima hali kima, wa Ngabi hali pongo. Darasani kwangu kuna koo kumi na moja, na watoto wa Acholi na wa Bunyoro, na Mkongomani mmoja. Hakuna ukoo wa dubu. Wakabishana. Mmoja akasema ukoo hutoka kwa baba, na huyu baba yake hajulikani. Mwingine akasema basi tumuulize hali nini, tutajua muziro wake. Kimya. Yule Mkongomani, ambaye hasemi kwa kawaida, akasema: "Hali chochote. Hali kamongo, hali kima, hali pongo. Basi ni wa koo zote."

Hata fundi wa jirani, aliyekuwa akijifanya hasikilizi, aliweka nyundo chini akacheka. Fundi wetu hakucheka. Alikuwa akikwaruza kutu kwenye kiganja.

FUNDI: Hilo wameliandika?

MWALIMU: Kurasa mbili. Watoto wa sentensi mbili.

FUNDI: Mimi ni wa Nkima. Mwanangu hajawahi kuniuliza kwa nini. Sasa nisikilizeni, sijashindwa. Nina masharti. La kwanza, wa kwetu atoke siku ile ile wa kwao anapoingia, wasitume wao tukabaki kupokea. La pili, sanduku lisije na penseli na peremende juu ya dubu. Zawadi ikiingia humo, barua ya pili inakuwa ya kushukuru, na mtu anayeshukuru hasemi ukweli.

HAJATI: Sharti zuri.

FUNDI: La tatu. Ijumaa ikiwa zamu ya mwanangu, mleteni huyo mgeni. Chumba ni kimoja, pazia lipo, aandike. Lakini asianzie hapo. Aanzie karakanani. Wahenga hawakuishia kwenye mgeni njoo, walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atakaa juu ya pipa aone likikatwa, ahesabu nyundo ngapi zinakwenda kwenye sigiri moja. Mwanangu hajawahi kuhesabu, mimi mwenyewe sijawahi. Hayo ndiyo yaandikwe kwanza, kisha ndiyo alale chini.

MWALIMU: Na wa kwetu huko aendako?

FUNDI: Naye asianzie kwenye vyumba vitano. Mwambieni mtoto atakayekaa naye amchukue mkononi siku moja, ampeleke aone baba wa nyumba ile anafanya kazi gani. Na aandike anarudi nyumbani saa ngapi, na watoto wake wanakuwa macho au wamelala. Hilo mimi nitakuja kulisoma mwenyewe, hapo ukutani.

Nilitaka kura ipigwe. Hajati akasema jua limekwenda na Owino haimsubiri mtu, Mzee akauliza soda yake. Fundi alikuwa ameshainama juu ya pipa, patasi mkononi. Alipiga mara moja, akasita, akamtazama Mwalimu, akaanza upya kwa sauti: moja, mbili, tatu.